Sasisho la Windows limeganda: usubiri, uzime, utengeneze au upige Windows upya?

Skrini imeandika "Working on updates", asilimia imekwama kwenye 35 tangu saa tatu asubuhi, vidoti vinazunguka tu. Kila aliye karibu ana dawa yake. Mmoja anasema iache, mwingine anasema izime, fundi anasema tupige Windows upya, yaishe. Dawa zote hizo zinatibu, ila hazitibu ugonjwa mmoja, na bei zake hazilingani: moja inakula muda, nyingine inakula bando, nyingine inafuta programu ulizozipata kwa shida. Hapa tunazilinganisha kwa mashine za Windows 10 na Windows 11. Majina ya menyu tumeyaacha kwa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo yanavyosomeka kwenye kompyuta nyingi za kwetu.

## Limekwama wapi?

Neno "limeganda" hubeba mambo manne, na ukiyachanganya utatibu goti wakati kinachouma ni jino.

La kwanza ni kukwama likiwa linapakuliwa. Ukurasa wa Windows Update unaonyesha "Downloading", namba haipandi. Hapa Windows yenyewe haijaguswa. Kasoro iko kwenye mtandao, kwenye saa ya kompyuta, au kwenye folda inayopokea faili zinazoshuka.

La pili ni kukwama kwenye "Installing" huku unaendelea na kazi zako. Windows inafungua vifurushi na kulinganisha kila faili mpya na zile zilizomo kwenye WinSxS, folda ambayo ndiyo stoo ya vipuri ya Windows. Kipuri kikiwa kimeharibika stooni, kazi inasimama.

La tatu ni kukwama baada ya kuwasha upya, kwenye skrini inayokuambia usizime kompyuta. Hili ndilo linalotisha watu. La nne si kuganda hasa, ni kuzunguka: sasisho linafika mwisho, linaandika "Undoing changes", linarudi lilikotoka, na kesho yake linaanza tena.

Asilimia nayo isikudanganye. Si mita ya dakika. Ni hesabu ya hatua zilizokwisha, na hatua hazilingani urefu. Hatua moja inaweza kumalizika kwa sekunde mbili na inayofuata ikachukua dakika arobaini, namba ikiwa palepale. Kwenye diski ya kuzunguka, yaani HDD, hali ni nzito zaidi, kwa sababu kazi yenyewe ni kusoma na kuandika maelfu ya faili ndogondogo, jambo ambalo HDD hulifanya vibaya kuliko yote.

| Njia | Inafaa likikwama wapi | Muda | Bando | Kinachopotea |
|---|---|---|---|---|
| Kusubiri | Baada ya kuwasha upya | Saa 2 hadi usiku mzima | Hakuna | Hakuna |
| Kuzima kwa nguvu | Skrini iliyokufa kabisa | Dakika 10 hadi saa 1 | Hakuna | Huenda Windows ikagoma kuwaka |
| Kusafisha SoftwareDistribution (folda inayopokea faili zinazoshuka) | Kupakua | Dakika 10 | Sasisho linashuka upya lote | Orodha ya historia tu |
| DISM na SFC (amri za kutengeneza faili za Windows) | Kusakinisha, "Undoing" | Dakika 20 hadi 60 | Kidogo | Hakuna |
| Faili ya .msu (sasisho unalolipakua mwenyewe) | Kupakua | Kulingana na mtandao | Kubwa, ila mara moja kwa mashine zote | Hakuna |
| Kusakinisha juu kwa ISO (faili moja yenye Windows nzima) | Popote, mradi Windows inawaka | Saa 1 hadi 3 | Zaidi ya GB 5 | Hakuna |
| Reset this PC | Windows imevurugika | Saa 1 hadi 4 | Hakuna, au zaidi ya GB 4 | Programu zote |
| Kupiga Windows upya | Njia nyingine zimeshindwa | Saa 1, na siku ya kurudisha programu | Zaidi ya GB 5 | Vyote vilivyo kwenye C |

## Kusubiri au kuzima

Hapa ndipo hasara nyingi hutokea, kwa hiyo tukae kidogo.

Sasisho la kila mwezi kwenye SSD, diski isiyozunguka, lipe saa 2 kabla ya kulishuku. Kwenye HDD lipe saa 4. Likiwa ni toleo jipya zima, mfano kutoka 23H2 kwenda 24H2, SSD ipe saa 3 na HDD iache usiku mzima. Hesabu muda tangu asilimia ilipobadilika mara ya mwisho, si tangu ulipoanza.

Wakati unasubiri, pima kama mashine iko hai. Tazama taa ya diski, kama ipo: ikipepesa, hata kwa kusitasita, kazi inaendelea. Bonyeza Caps Lock: taa yake ikiwaka na kuzimika, Windows bado inakusikia. Sikiliza feni inayopanda na kushuka. Vidoti vinavyozunguka si ushahidi mzuri, kwani vinaweza kuendelea kuzunguka huku kazi yenyewe imekufa. Lakini vidoti vilivyosimama kabisa, Caps Lock isiyojibu na taa ya diski iliyolala kwa dakika 30, vyote vitatu kwa pamoja, ni ruhusa ya kuzima.

Kabla ya kuzima jaribu kitu kidogo ambacho kimeokoa mashine nyingi: chomoa kila kilichochomekwa. Printa, diski ya nje, modemu ya USB, kadi ya kumbukumbu, hata kipanya. Draiva ya kifaa kimoja ikisubiri jibu lisilokuja inaweza kuzuia mlolongo wote. Chomoa, ngoja dakika 15.

Isipotikisika, shika kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 hadi mashine izime kabisa, ngoja kidogo, kisha iwashe bila vifaa vya nje. Mara nyingi Windows itatambua kwamba kuna kazi iliyokatika njiani, na itaimalizia au itairudisha nyuma. Kurudisha nyuma nako huchukua muda, wakati mwingine mrefu kuliko kusakinisha kwenyewe. Kosa kubwa kabisa ni kuzima tena hapo. Kukatiza mara moja kwa kawaida kunavumilika; kukatiza urejeshaji ndiko kunakoacha Windows yenye nusu ya faili za zamani na nusu za mpya.

Nyaraka na picha zako haziko hatarini sana katika kuzima huku. Kilicho hatarini ni uwezo wa Windows kuwaka. Ikigoma kuwaka mara mbili au tatu mfululizo, itafungua yenyewe skrini ya urekebishaji. Nenda Troubleshoot, Advanced options, Uninstall Updates, uondoe "latest quality update" ikiwa lilikuwa sasisho la mwezi, au "latest feature update" ikiwa lilikuwa toleo jipya. Hilo nalo likikataa, fungua Command Prompt papo hapo uandike:

dism /image:C:\ /cleanup-image /revertpendingactions

Kwanza hakikisha kwa amri ya dir C:\ kwamba Windows iko kwenye herufi C, kwa kuwa katika skrini ile herufi huweza kubadilika ikawa D au E. Amri hii ni ya mashine isiyowaka tu. Usiitumie kwenye Windows inayowaka vizuri.

Umeme nao una sauti katika uchaguzi huu. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, au laptopu ambayo betri yake imekufa na inaishi kwa chaja, haina anasa ya kusubiri usiku mzima katika kipindi cha mgao. Sasisho la kila mwezi hutolewa Jumanne ya pili, saa za Marekani, ambayo Afrika Mashariki huwa ni saa mbili au saa tatu usiku. Ndiyo maana ofisi nyingi hukutana na skrini ya bluu ya kusasisha Jumatano asubuhi, wakati mbaya kabisa. Kwenye ukurasa wa Windows Update kuna "Pause updates". Isogeze hadi siku ambayo umeme na muda una uhakika navyo.

## Limekwama likipakuliwa

Anza na kitu cha bure: saa. Kompyuta ya mezani ya siku nyingi ambayo betri yake ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama imeisha husahau tarehe kila ikizimwa. Tarehe ikikosewa, mawasiliano salama na seva za Microsoft yanakataliwa, na utaona hitilafu 0x80072f8f. Kurekebisha saa kunatosha kwa leo. Kubadilisha betri kunatosha kwa miaka.

Saa ikiwa sawa, una njia tatu. Kitatuzi cha Windows, ambacho kwenye Windows 11 kiko Settings, System, Troubleshoot, Other troubleshooters, kinachukua dakika chache na hakina madhara. Kinafanikiwa huduma ya kupakua ikiwa imesimama tu. Kikikuambia hakikuona tatizo, usikirudie mara tano. Nenda kwenye kusafisha kwa mkono.

Kusafisha kwa mkono kunafanya kwa uhakika kile ambacho kitatuzi hufanya kwa kubahatisha. Fungua Start, andika cmd, bofya kulia, chagua Run as administrator, kisha andika mstari mmoja mmoja:

net stop wuauserv
net stop bits
net stop cryptsvc
ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.old
ren C:\Windows\System32\catroot2 catroot2.old
net start cryptsvc
net start bits
net start wuauserv

Amri ya ren ikijibu "Access is denied", huduma mojawapo imejiwasha yenyewe katikati. Funga dirisha la Settings, rudia mistari mitatu ya net stop, na ubadilishe jina haraka. Angalia vizuri ile 2: folda ya catroot2 hujiunda upya, lakini catroot isiyo na 2 haijiundi, na ukiigusa umejitafutia kazi nyingine. Masasisho yaliyokwisha kuingia hayaondoki. Kinachofutika ni orodha ya historia kwenye Settings. Gharama halisi ni bando, kwa kuwa hata sasisho lililokuwa limefika asilimia 95 litaanza sifuri.

Njia ya tatu ni kwenda kwenye tovuti ya Microsoft Update Catalog, kutafuta namba ya KB, yaani namba ya utambulisho wa sasisho, inayoonekana kwenye ukurasa wa Windows Update, na kupakua faili ya .msu mwenyewe. Wengi huisifu bila kutaja bei yake. Windows Update hushusha zile sehemu tu ambazo mashine yako haina. Faili ya Catalog hubeba kila kitu, na kwa Windows 11 ya 24H2 inapita GB 1 kwa urahisi. Kwa hiyo kwa kompyuta moja yenye bando la kupimwa, .msu ni ghali kuliko kusafisha folda na kuanza upya. Inashinda pale mtandao unapokatika kila baada ya dakika kumi, kwa kuwa unaweza kutumia programu ya kupakua inayoendeleza ilipoishia, au kuipakua mahali penye mtandao mzuri na kuibeba kwa flashi. Inashinda zaidi pale una mashine kumi zenye toleo moja: unapakua mara moja, unazunguka na flashi.

Chagua faili inayolingana na toleo na aina ya prosesa. Kompyuta nyingi ni x64. Ukiona "The update is not applicable to your computer", ama umechukua ya toleo jingine ama sasisho lilikwishaingia. Kwa 24H2 na kuendelea, Catalog inaweza kukupa faili mbili au zaidi za KB moja. Ziweke zote kwenye folda moja, kisha tumia DISM badala ya kubofya mara mbili:

dism /online /add-package /packagepath:C:\msu\jina-la-faili.msu

Taja ile ya sasisho unalolitaka. DISM itaitafuta yenyewe inayotangulia ndani ya folda hiyo.

Ofisi yenye mashine nyingi kwenye mtandao mmoja ina chaguo la nne ambalo halihitaji flashi. Kwenye Windows 11 nenda Settings, Windows Update, Advanced options, Delivery Optimization, washa kupakua kutoka kwa vifaa vingine na uchague "Devices on my local network". Mashine ya kwanza inashusha, nyingine zinaazima vipande kwake. Si kwamba bando litakuwa sifuri kwa zilizobaki, lakini linapungua.

## Limekwama likisakinishwa, au linarudi nyuma kila siku

Kusafisha SoftwareDistribution hapa ni kufua shati wakati kidonda kiko mgongoni. Watu hufanya hivyo mara tatu, wanachoma bando mara tatu, sasisho linafia palepale.

Soma namba ya hitilafu kwenye Update history. 0x80070070 ni diski kujaa. Achana na kila kitu, toa nafasi. Kwa toleo jipya acha wazi angalau GB 20, na laptopu ndogo zenye diski ya GB 64 hapa huteseka sana. 0x80070020 ni faili kushikwa na programu nyingine, mara nyingi antivirasi ya kununua. Iondoe kabisa, si kuizima, kisha uirudishe baadaye. 0xC1900101 ni draiva: chomoa vifaa vya nje, sasisha draiva za diski na za picha kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, na epuka zile programu za bure zinazoahidi kusasisha draiva zote kwa kitufe kimoja. 0x80073712 na 0x800f081f zinasema stoo ya vipuri ina kasoro, na dawa yake ni DISM ikifuatiwa na SFC.

Mpangilio una maana. SFC hukagua faili za Windows zinazotumika na kubadilisha zilizoharibika kwa nakala kutoka stoo. Stoo ikiwa na nakala mbovu, SFC itatoa mbovu iweke mbovu, au itakuambia imeshindwa. DISM ndiyo inayotengeneza stoo, kwa hiyo hutangulia:

dism /online /cleanup-image /restorehealth
sfc /scannow

DISM ina tabia ya kusimama kwenye 62.3% kwa dakika nyingi. Si kuganda, iache. Inachukua faili nzuri kutoka Windows Update, na hapo ndipo mzaha ulipo: Windows Update ikiwa ndiyo mbovu, DISM hukosa pa kuchukua na kurudisha 0x800f081f. Kinachosaidia ni ISO ya toleo lilelile ulilonalo. Andika winver kwenye Start uone toleo, bofya ISO mara mbili ifunguke kama diski, tuseme E, kisha:

dism /online /cleanup-image /restorehealth /source:wim:E:\sources\install.wim:1 /limitaccess

Ile 1 ya mwisho ni namba ya aina ya Windows ndani ya ISO, na Home na Pro hazina namba moja. Orodha utaipata kwa dism /get-wiminfo /wimfile:E:\sources\install.wim. ISO iliyotengenezwa na Media Creation Tool huwa na install.esd badala ya install.wim, badilisha neno wim kuwa esd sehemu zote mbili.

SFC ikisema imepata faili mbovu na kuzitengeneza, iendeshe tena hadi iseme haikuona kasoro. Ikifika mara ya tatu bado inalalamika, simama. Kuendelea ni kupoteza mchana.

## Kusakinisha juu, Reset, au kupiga upya

DISM ikishindwa, watu wengi huruka moja kwa moja kwenye kupiga Windows upya. Wanaruka njia bora kuliko zote katika ulinganisho huu: kusakinisha Windows juu ya Windows iliyopo kwa kutumia ISO, ukihifadhi faili na programu zote. Inaleta stoo mpya kabisa ya vipuri bila kugusa programu ya uhasibu wala mipangilio ya printa.

Pakua ISO ya Windows uliyonayo, 10 au 11, kutoka Microsoft, yenye lugha ileile na aina ileile. Hakikisha una GB 20 au zaidi wazi. Kama BitLocker, kinga inayofunga diski kwa ufunguo, imewashwa, isitishe kwa muda na uwe na ufunguo wake wa tarakimu 48. Kwa mashine zilizosajiliwa kwa akaunti ya Microsoft, ufunguo huo huwa umehifadhiwa kwenye akaunti. Ondoa antivirasi ya nje. Fungua ISO ukiwa ndani ya Windows, endesha setup.exe, bofya "Change how Setup downloads updates", chagua "Not right now" ili usichome bando zaidi, na mwishoni uhakikishe pameandikwa "Keep personal files and apps". Chaguo hilo likiwa limefifia, usiendelee: lugha au aina hailingani, au ISO ni ya zamani kuliko Windows uliyonayo. Ukibofya kuendelea hapo, programu zinaondoka.

Windows 11 kuanzia 22H2, ikiwa ina masasisho ya 2024 na kuendelea, ina kitufe kinachofanya kazi hiyohiyo: Settings, System, Recovery, "Fix problems using Windows Update". Ni rahisi kuliko ISO, ila kinategemea mtandao na huduma ileile ya kupakua. Sasisho lako likiwa linakwama kwenye kupakua, kitufe hiki kitakwama nalo. ISO kwenye flashi inatumika pia kwa mashine ya jirani.

Udhaifu wa njia ya ISO ni mmoja: Windows lazima iwake hadi kwenye desktop. Isipowaka, ndipo Reset this PC inapoingia. "Keep my files" inasikika vizuri kuliko ilivyo. Inaacha nyaraka zako, inaondoa kila programu uliyoweka. Ndani yake kuna chaguo jingine linalopuuzwa. "Local reinstall" hutumia faili zilezile zilizomo kwenye mashine, kwa hiyo stoo mbovu inaweza kuzaa Windows mbovu. "Cloud download" inashusha zaidi ya GB 4 ila inaleta faili safi. Kama umeamua Reset kwa sababu ya sasisho lililoharibu vipuri, lipa bando, chukua Cloud.

Kupiga upya kabisa, kwa flashi ya GB 8, kuna haki yake katika hali tatu: virusi, diski mpya, na zile Windows zilizopunguzwa ambazo huuzwa kwa sifa ya wepesi. Nyingi kati ya hizo zimeondolewa vipande vinavyohusika na kusasisha. Hakuna DISM itakayotengeneza kisichokuwapo. Kama Windows yako ilikuwa halali na imeshaamilishwa, leseni imefungwa kwenye ubao mama, kwa hiyo ukiombwa ufunguo chagua "I don't have a product key" na uweke aina ileile.

## Pale ambapo hakuna njia itakayofaulu

Diski inayokufa huiga kila dalili iliyotajwa hapo juu. Fungua Event Viewer, Windows Logs, System, utafute matukio ya chanzo "disk" yenye namba 7 au 153. Namba 7 ni eneo bovu la diski. 153 ni kusoma au kuandika kulikorudiwa kwa kuwa hakukujibiwa kwa wakati. Yakiwa yanajirudia, nakili faili zako kwanza, leo, kabla ya chkdsk (amri ya kukagua diski) wala DISM, kwa kuwa kazi hizo nzito ndizo zinazomalizia diski dhaifu. Kisha nunua SSD. Muda wa sasisho kwenye laptopu ileile utashuka pia.

Na kuna "kuganda" ambako si kuganda. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ambayo haijajiandikisha kwenye mpango wa nyongeza, ambao kwa watumiaji wa kawaida unafika 13 Oktoba 2026, haitapokea masasisho mapya ya usalama, hata ukisafisha folda mara mia. Kwa wamiliki wa Windows 10 kuna pia KB5034441 ya Januari 2024, iliyokuwa ikigoma kwa 0x80070643 pale sehemu ya urejeshaji kwenye diski ilipokosa MB 250 za nafasi. Hilo halihitaji DISM wala ISO, linahitaji sehemu hiyo ipanuliwe.

Ukiamua kumpelekea fundi, mwandikie kwenye karatasi vitu vinne: toleo kutoka winver, namba ya KB, namba ya hitilafu, na hatua lilipokwama. Akikuambia tupige Windows kabla hajatazama hata kimoja, mwombe kwanza afungue Event Viewer aangalie diski.